BAISKELI YA KWENDA SHULE: SEAN KELLY NA MISIMU YAKE KUMI NA MINANE BARABARANI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa, siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Kwanza kabisa naishukuru Halmashauri yetu kwa kunipa heshima ya kusema machache mbele yenu. Barua niliyoletewa ilinitaka nizungumze juu ya juhudi na mafanikio, na nilielewa mara moja kwamba nilitarajiwa kuwataja wakubwa waliopita katika madarasa haya. Wakubwa hao tunawaheshimu, na picha zao zimo humu ukumbini. Lakini habari zao vijana hawa huzisikia kila mwaka, hata wengine wanaweza kuzikariri usingizini. Kwa hiyo, kwa idhini yenu, leo nitawapeleka mbali kidogo, hadi Ayalandi, kwa mkulima mmoja aliyeacha shule akiwa na umri wa miaka 13 na akaja kuwa mwendesha baiskeli wa kwanza duniani. Jina lake ni Sean Kelly.

Naona Mwalimu wa Nidhamu ameshtuka kidogo. Asiwe na wasiwasi. Sikuja kuwahubiria vijana waache shule. Nimemchagua mtu huyu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba habari yake yote inaanzia kwenye baiskeli ya kwenda shule, nasi wanachama mchana huu tuna hoja mezani inayohusu baiskeli za kwenda shule. Ya pili ni kwamba katika ujana wake alifanya jambo lililotugusa sisi Waafrika, na halikuwa jambo zuri. Nadhani ni vema vijana wazoee kumtazama mtu mashuhuri akiwa mzima, na mazuri yake na mabaya yake, kisha wajiamulie la kuchukua na la kuacha.

Kelly alizaliwa tarehe 24 Mei, 1956. Jina lake la ubatizo ni John James, sawa na la baba yake, na aliitwa Sean ili nyumbani wasichanganywe. Wazazi wake walikuwa na shamba dogo mahali paitwapo Curraghduff, karibu na mji mdogo wa Carrick-on-Suir, kusini mwa Ayalandi. Baba alipougua vidonda vya tumbo na kulazwa hospitali, shamba lilihitaji mikono, na mkono uliopatikana ni wa mtoto. Hivyo ndivyo masomo ya Sean yalivyokwisha. Baadaye, alipofika umri wa miaka 16, alifanya kazi ya uashi, akipanga matofali.

Sasa sikilizeni habari ya baiskeli. Mwezi wa Septemba 1969 kaka yake, Joe, alianza kwenda shule kwa baiskeli. Kwa kuwa kijana akipewa baiskeli hatosheki na njia ya shule tu, Joe aliingia katika mashindano ya pale kijijini na akaanza kushinda. Mdogo wake akamfuata. Tarehe 4 Agosti, 1970, Sean aliingia mashindano yake ya kwanza, ya maili nane tu. Yalikuwa ya kupeana nafasi: wageni waliondoka kwanza, na wazoefu wakaondoka dakika tatu baadaye ili wawafukuze. Wale wazoefu walifukuza maili zote nane, na Kelly alipofika mwisho bado alikuwa mbele yao kwa zaidi ya dakika tatu. Miaka miwili baadaye, mwaka 1972, alikuwa bingwa wa vijana wa nchi nzima, na mwaka 1973 akarudia.

Ndugu Mwenyekiti, hapa ndipo tunapofika kwenye lile jambo nililolitaja.

Mwaka 1975 Kelly alikuwa na umri wa miaka 19, na tamaa yake kubwa ilikuwa kwenda kwenye Michezo ya Olimpiki ya Montreal, Kanada, mwaka uliofuata. Ili ajiandae, yeye na wenzake wawili, Pat na Kieron McQuaid, walikwenda kushindana katika mbio za siku nyingi za Rapport Tour. Mbio hizo zilikuwa Afrika Kusini. Vijana, ninyi mmezaliwa Afrika Kusini ikiwa huru, kwa hiyo lazima niwaeleze. Wakati ule nchi ile ilitawaliwa kwa sheria za ubaguzi wa rangi, na mataifa mengi yalikuwa yamekubaliana kutoshirikiana nayo katika michezo. Kelly na wenzake walilijua katazo hilo vizuri sana, na ushahidi ni kwamba waliingia mashindanoni kwa majina ya uongo, pamoja na waendesha baiskeli kutoka Uingereza. Mtu asiyejua kwamba anakosa habadili jina lake.

Siri ilifichuka. Wakati ule ule waandishi wa habari wa Uingereza walikuwa Afrika Kusini wakiwafuata wacheza sinema wawili maarufu, Richard Burton na Elizabeth Taylor, waliokuwa wamefunga ndoa kwa mara ya pili, na kwa njia hiyo habari za waendesha baiskeli wenye majina ya bandia zikafika magazetini. Wale vijana wa Ayalandi walifungiwa miezi sita. Kisha Halmashauri ya Kimataifa ya Olimpiki ikawafungia maisha kushiriki Michezo ya Olimpiki. Kwa Kelly, mlango wa Montreal ukawa umefungwa.

Sasa tuweke habari hii karibu na habari yetu wenyewe. Katika Michezo hiyo hiyo ya Montreal ya mwaka 1976 alikosekana pia kijana wa Tanzania, Filbert Bayi, ambaye miaka miwili kabla yake, kule Christchurch, alikuwa amevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500, mshindi wa pili akiwa John Walker wa Nyuzilandi. Bayi hakwenda Montreal kwa sababu Tanzania, Kenya na nchi nyingine za Afrika zaidi ya ishirini zilisusia Michezo ile, kwa vile timu ya raga ya Nyuzilandi ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini na Nyuzilandi haikuondolewa. Medali ya dhahabu ya mita 1,500 aliichukua Walker.

Basi angalieni. Vijana wawili wenye vipaji wamekosa Michezo ile ile. Mmoja amekosa kwa sababu alikwenda kucheza na wabaguzi. Mwingine amekosa kwa sababu nchi yake ilikataa kucheza na marafiki wa wabaguzi. Yule wa kwanza alilipia kosa lake. Yule wa pili hakuwa na kosa lolote, na alilipia uhuru wa watu wengine. Kijana akiniuliza nani kati ya hao wawili alitoa zaidi mwaka ule, sitasita: ni Bayi. Naomba jambo hili likae vichwani mwenu wakati nikiendelea kumsifu Kelly, kwa maana nitamsifu sana.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Baada ya kukosa Olimpiki, Kelly alipata nafasi katika klabu ya Metz, Ufaransa. Masharti yake yalikuwa haya: paundi 25 kwa juma, mahali pa kulala bure, na faranga nne kwa kila kilometa ya mashindano atakayoshinda. Kwa lugha ya ofisini, huo ni mshahara mdogo na marupurupu yanayotegemea kazi iliyofanyika. Katika mashindano 25 aliyoshiriki Ufaransa alishinda 18.

Habari zake zikamfikia Mfaransa mmoja, Jean de Gribaldy, mwendesha baiskeli wa zamani aliyekuwa kiongozi wa timu. Bwana huyu hakuandika barua akasubiri majibu. Alipanda ndege yake pamoja na mkalimani, akaenda Ayalandi, na akamkuta kijana anaendesha trekta akitoka shambani. Akamwahidi paundi 4,000 kwa mwaka pamoja na bahashishi za ushindi. Mtu mwingine angemrukia shingoni kwa furaha. Kelly alifikiri kwa muda wa juma zima, kisha akajibu kwamba anataka 6,000, akapewa. Mtoto wa mkulima anajua bei ya ng'ombe wake.

Hivyo mwaka 1977 aliingia katika timu ya Flandria ya Ubelgiji, na akaanza kazi ya kulipwa. Naomba vijana mnisikilize hapa. Mchezo wa baiskeli ni mchezo wa timu, na katika timu kuna anayeshinda na kuna wanaomsaidia ashinde. Wasaidizi humkinga mkubwa wao na upepo, humletea maji, na humpa gurudumu lao lake likipasuka. Kelly aliingia akiwa msaidizi wa Freddy Maertens, Mbelgiji hodari wa kufyatuka mbio katika mita za mwisho. Alishinda siku moja ya Tour de France mwaka 1978, na siku nyingine baada ya hapo, lakini kwa miaka mitano hakuna aliyemhesabu kuwa zaidi ya mtu wa kasi za mwisho. Milima ilisemekana si kazi yake, wala mbio za siku nyingi.

Mwaka 1982 alirudi kwa de Gribaldy, na yule mzee akamwambia kwamba anaweza zaidi ya hayo. De Gribaldy alikuwa mkali sana kwa chakula. Alimtaka Kelly apunguze uzito ili milima imuonee huruma, naye akatii. Mwezi wa Machi mwaka huo Kelly alishinda Paris–Nice, mbio za siku nyingi zinazotoka kwenye baridi ya kaskazini kwenda kwenye jua la pwani ya Ufaransa. Mwaka 1983 akashinda tena, na 1984 tena, na akaendelea hivyo hivyo hadi 1988. Ni mara saba mfululizo. Kabla yake hapakuwa na aliyefanya hivyo, na baada yake hajatokea.

Kwa wale wasiofuatilia mchezo huu, nieleze kidogo. Tour de France ni mbio za majuma matatu. Kila siku ina mbio zake, na muda wa kila mtu hujumlishwa. Mwenye muda mfupi kuliko wote huvaa jezi ya njano, na ndiye mshindi. Iko pia jezi ya kijani, ya mwenye pointi nyingi. Pointi hizo hupatikana kwa kuwa miongoni mwa wa mbele mwishoni mwa kila siku na katika vituo vilivyowekwa njiani. Mtu hawezi kuipata kwa siku moja ya bahati. Yampasa awe macho kila siku, jua au mvua. Kelly aliishinda mwaka 1982, 1983, 1985 na 1989, na alikuwa mtu wa kwanza kuipata mara nne.

Mbali na mbio za siku nyingi, yako mashindano makuu matano ya siku moja, na ndiyo yaliyompa heshima kubwa zaidi. Katika hayo matano Kelly alishinda manne, kwa jumla mara tisa: Giro di Lombardia mwaka 1983, 1985 na 1991, Paris–Roubaix 1984 na 1986, Liège–Bastogne–Liège 1984 na 1989, Milano–Sanremo 1986 na 1992. Paris–Roubaix peke yake ingetosha kumpima mtu. Ni kilometa zaidi ya 250, na sehemu yake ni njia za shambani zilizotandikwa mawe tangu zamani, mawe yasiyolingana, ambayo hutikisa baiskeli hata mikono ikafa ganzi. Mwaka 1984 mvua ilinyesha, na Kelly alifika Roubaix wa kwanza akiwa amepakwa tope kama mtu aliyetoka kulima mpunga. Msimu huo peke yake alishinda mara 33. Waendesha baiskeli walipoanza kupangwa kwa pointi mwaka ule ule, yeye akawa wa kwanza duniani, na hakuiacha nafasi hiyo hadi mwaka 1989.

Nikiishia hapo, ndugu zangu, nitakuwa nimewasomea orodha ya zawadi, kama siku ya kufunga shule. Lakini orodha ya aliyoyakosa nayo ni ndefu. Katika yale mashindano makuu matano, moja lilimkataa: Ronde van Vlaanderen ya Ubelgiji. Alikuwa wa pili mwaka 1984, wa pili mwaka 1986, wa pili mwaka 1987. Jezi ya njano ya Tour de France aliivaa siku moja tu, mwaka 1983, akaipoteza milimani. Nafasi yake nzuri kabisa katika Tour ilikuwa ya nne, mwaka 1985. Ubingwa wa dunia hakuupata. Alikuwa wa tatu mwaka 1982 na wa tatu tena mwaka 1989.

Tena sikilizeni yaliyompata katika Vuelta, mbio za majuma matatu za Hispania. Mwaka 1987, zikiwa zimebaki siku chache, Kelly alikuwa anaongoza. Akaota jipu, na lilimwota pale pale anapokalia kiti cha baiskeli. Alipasuliwa, akajaribu kuendelea, akashindwa. Alishuka kwenye baiskeli akiwa amevaa jezi ya kiongozi, na ushindi ukaenda kwa Luis Herrera wa Kolombia. Mwezi wa Julai akaanguka katika Tour de France, akavunjika mtulinga. Na mwanzoni mwa mwaka huo huo de Gribaldy, mzee wake, alikuwa amefariki katika ajali ya gari. Mtu wa tabia nyingine angeweza kusema amerogwa. Kelly alirudi Hispania mwaka 1988. Kwa siku nyingi aliachwa nyuma na wapanda milima, lakini hakuwaruhusu waende mbali. Ilipofika siku moja kabla ya mwisho, siku ambayo kila mtu hukimbia peke yake kushindana na saa, alimpita Anselmo Fuerte, Mhispania aliyekuwa anaongoza, akachukua uongozi, na kesho yake akawa mshindi wa Vuelta.

Yako pia yasiyopendeza, nami niliahidi kumleta mtu mzima. Mara mbili katika kazi yake vipimo vilionyesha dawa iliyokatazwa: mwaka 1984 baada ya mashindano ya Paris–Brussels, na mwaka 1988 katika mbio za nchi ya Basque, ambapo ilikuwa kodeini, dawa inayopatikana katika dawa za kikohozi. Aliadhibiwa mara zote mbili, na hayo yamo katika kumbukumbu za maisha yake pamoja na vikombe. Vijana wanariadha mlioko hapa, jueni kwamba kitabu cha kazi ya mtu hakina ukurasa unaochanika.

Lakini liko jambo la mwaka 1987 linalonifurahisha kila nikilikumbuka. Ayalandi ilikuwa na mwendesha baiskeli mwingine mkubwa, Stephen Roche wa Dublin. Mwaka ule Roche alishinda Giro d'Italia, akashinda Tour de France, na mwezi wa Septemba, kule Villach, Austria, akashinda ubingwa wa dunia. Kabla yake mwanamume mmoja tu, Eddy Merckx wa Ubelgiji, alikuwa amepata yote matatu katika mwaka mmoja, 1974. Na baada yake Tadej Pogačar wa Slovenia alifanya hivyo mwaka 2024. Siku ile ya Villach watu wengi walitegemea ushindi wa Kelly, naye Roche alikuwa amefanya kazi kubwa kwa ajili yake. Roche alipoponyoka na kikundi kidogo karibu na mwisho, Kelly aliyekuwa nyuma hakuwasaidia wageni kumfukuza mwenzake. Alimaliza wa tano, akaufurahia ushindi wa Roche, ilhali ule ulikuwa ubingwa ambao yeye mwenyewe aliutafuta maisha yake yote. Sisi tulioajiriwa maofisini tunajua ugumu wa jambo hilo. Kumpongeza mgeni aliyepandishwa cheo ni rahisi. Kumpongeza yule mliyekaa naye dawati moja ndiyo kazi.

Sasa nafika mwaka 1991. Kelly alikuwa na umri wa miaka 35, na magazeti yalikuwa yamekwisha kumzika. Mwezi wa Machi alivunjika mtulinga tena. Mwezi wa Julai timu yake nzima ilijitoa Tour de France kwa ugonjwa. Kisha ikaja habari kutoka nyumbani kwamba kaka yake, Joe, amefariki akiwa katika mbio za baiskeli karibu na Carrick-on-Suir. Ni Joe yule yule wa baiskeli ya shule. Sitathubutu kueleza kilichokuwa moyoni mwa Kelly, kwa sababu si mtu wa kusema. Watu wa kwao husimulia kwa mzaha kwamba ndiye pekee aliyewahi kujibu swali la redioni kwa kutikisa kichwa. Ninachoweza kueleza ni alichofanya. Alirudi barabarani. Alishinda mbio za kuizunguka Ayalandi kwa mara ya nne, na msimu ulipokaribia kwisha akashinda Lombardia kwa mara ya tatu.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Machi 1992, alikuwa Milano–Sanremo, mbio za karibu kilometa 300. Mwishoni mwake kuna kilima kiitwacho Poggio. Kilima chenyewe si kirefu, lakini mteremko wake una kona kali zinazofuatana hadi mjini. Mwitalia Moreno Argentin, aliyekuwa hodari kuliko wote siku hiyo, alishambulia akawaacha wenzake, akafika kileleni peke yake. Kelly alianza kuteremka akiwa nyuma, na mbele yake wako wengine. Alipita katika zile kona kama mtu asiye na breki, akawaacha vijana waliomzidi nguvu, na alipofika tambarare Argentin alikuwa hatua chache tu mbele. Katika kilometa ya mwisho akamshika. Argentin alitaka wasaidiane kukata upepo. Kelly akakaa nyuma yake akivuta pumzi, kisha akafyatuka, akashinda. Alikuwa amebakiza miezi miwili kutimiza miaka 36. Nguvu za ujana zilikuwa zimepungua, lakini alijua mahali pa kuweka gurudumu, na ujuzi ule ulimchukua miaka ishirini kuupata.

Aliacha mashindano mwaka 1994, akiwa amepata ushindi 193 katika misimu kumi na minane ya kulipwa. Mji wake ulikuwa umekwisha kuupa uwanja wake wa katikati jina lake. Angeweza kuketi pale akiamkiwa. Lakini mwaka 2006 alishiriki kuanzisha timu na kituo cha mafunzo huko Merchtem, Ubelgiji, ambako vijana wa Ayalandi walipata kitanda, baiskeli na mashindano, yaani vile vitu ambavyo yeye alivitafuta Metz kwa faranga nne kwa kilometa. Timu ile ilidumu hadi mwaka 2017. Mmoja wa waliopita humo ni Sam Bennett, aliyekulia Carrick-on-Suir, mji ule ule. Mwaka 2020 Bennett alishinda jezi ya kijani ya Tour de France. Ayalandi ilikuwa imeisubiri tangu ile ya Kelly ya mwaka 1989.

Na jezi hiyo ya kijani imefika kwetu pia. Mwaka 2024 ilivaliwa hadi Nice na Biniam Girmay wa Eritrea, Mwafrika mweusi wa kwanza kuishinda. Mwezi wa Septemba 2025 mashindano ya ubingwa wa dunia, yale ambayo Kelly hakuyapata, yalifanyika Kigali, Rwanda, kwa mara ya kwanza katika bara letu. Miaka hamsini kabla yake, vijana watatu wa Ayalandi walikuja kushindana Afrika kwa majina ya uongo. Safari hii walimwengu walikuja kwa majina yao, hawakuwa na la kuficha, na waliokaribisha walikuwa Waafrika wenyewe.

Ndugu vijana, sasa nawajia. Wako kati yenu watakaofaulu vizuri, na hao tutasikia habari zao. Lakini nasema zaidi na wale ambao matokeo yatawasikitisha, au ambao nyumbani kutatokea ugonjwa na mikono ikahitajika shambani. Kelly hakufanikiwa kwa sababu aliacha shule. Alifanikiwa kwa sababu aliendelea kuwa mwanafunzi baada ya kuacha shule. Alikubali kuwa msaidizi kwanza, alipoambiwa apunguze chakula alipunguza, na aliyoshindwa leo aliyarudia mwaka unaofuata. Tena kumbukeni Afrika Kusini. Ukiona njia ya kufika unakotaka inakudai ubadilishe jina lako, rudi. Uliza kwanza njia ile inapita juu ya mgongo wa nani.

Nanyi wanachama wenzangu, namalizia na hoja iliyo mezani. Tumeletewa mapendekezo mawili juu ya fedha zetu za mwaka huu: kuupaka ukumbi rangi na kuongeza picha za watu mashuhuri, au kununua baiskeli za kuwaazima wanafunzi wa kutwa wanaotoka ng'ambo ya mto, ambao huondoka kwao kabla ya alfajiri na kufika wamechoka kabla kengele haijalia. Nimesikia hoja kwamba baiskeli huharibika, na kwamba nyingine zitaishia kubeba mkaa. Ni kweli, baadhi zitabeba mkaa. Lakini picha ya ukutani haijapata kumfikisha mtoto shuleni hata siku moja. Hatujui ni nani atakayepanda baiskeli ya kwanza, wala mdogo wake ni nani. Kule Curraghduff mwaka 1969 nako hapakuwa na aliyejua.

Kura yangu mnaifahamu. Yenu nawaachia wenyewe.